Matanga ya Milima ya Kwetu

Ulimi wa ng'ombe unakwaruza kama tupa ya seremala. Najua kwa sababu ng'ombe aliwahi kunilamba kichwa kizima, kutoka kisogoni mpaka kwenye paji la uso, na mimi nimesimama tu, woga na raha vimenishika kwa pamoja. Ilikuwa juu kabisa, upande wa Minembwe, kule ambako baridi inaingia mpaka kwenye meno na nyasi ni fupi kama zimenyolewa. Babu yangu alikuwa akipandisha chumvi kwa wafugaji na kushuka na siagi, na safari ile alinichukua kwa sababu nilikuwa nimemchosha mama. Alinibebesha kifurushi kidogo cha chumvi kichwani. Mvua ikatukuta njiani, kifurushi kikalowa, maji ya chumvi yakanijaa nywele zote. Tulipofika, ng'ombe mmoja wa pembe ndefu alinitazama, akaja pole pole kama mama mkwe anayekagua bibi-arusi, akaanza kazi. Mwenye ng'ombe alicheka mpaka akakaa chini. Babu akamwambia, "Umuache amalize. Huyu mutoto hajaoga tangu Fizi."

Hiyo siyo habari niliyotaka kuandika, lakini ndiyo iliyokuja kwanza, na siku hizi nikiifukuza habari iliyotangulia, ile ya nyuma yake nayo inakimbia. Juzi mjukuu wangu aliweka mezani pakiti ya chumvi, nyeupe, laini kama unga, ndani ya plastiki. Nikainusa. Haina harufu yoyote. Chumvi ya utoto wetu ilikuwa ya kijivu, ya mabonge, ikinuka gunia bichi, mbao za mashua na moshi. Ilitoka Uvinza, ikaja Ujiji, ikavuka ziwa mpaka kwetu Baraka, na Baraka ndipo babu aliichukua kuwapelekea ng'ombe. Na mimi ziwa nililivuka kwa mashua hiyo hiyo ya chumvi. Kwa hiyo ukitaka kujua nilifikaje kuishi inchi ya watu nikiwa bado na meno ya utoto, lazima uanze na chumvi. Ng'ombe amejiingiza mwenyewe.

Wewe uliyekulia pwani ya kwetu unajua kwamba ukisimama ufukweni Baraka, maji yaliyo mbele yako siyo ziwa lote. Ni ghuba tu. Ng'ambo ya ghuba kuna Ubwari, milima imelala pale kama mtu aliyejifunika blanketi. Ubwari ni kwetu kabisa, mtu anaweza kuzunguka kwa miguu akafika. Lakini mimi sikuambiwa hivyo, kwa sababu hakuna anayehangaika kumwambia mtoto jambo ambalo kila mtu analijua. Wakubwa walisema "ng'ambo", nami nikiangalia naiona ng'ambo, ipo pale, na moshi wa majiko yake. Kwangu inchi ilikuwa kitu unachokiona kwa macho. Ukiiona, ipo. Ujiji niliiweka juu pale, karibu na mti mmoja mkubwa niliouchagua mwenyewe, na wenzangu niliwaonyesha kwa kidole nyumba ya shangazi yangu.

Shangazi Zuhura alikuwa dada ya baba, ameolewa Ujiji na fundi charahani. Mtoto hakupata. Na kwetu dada akimwomba kaka yake mtoto wa kulea, kaka anakataa kwa shida sana. Alikuja mwenyewe wakati wa Idi, akakaa mkekani na mama yangu, wanamenya mihogo. Aliwataja watoto wote wa nyumba yetu, akamsifu huyu kwa adabu, yule kwa nguvu, mwingine kwa kusoma, na mimi akaniruka. Hapo nikajua anayetakiwa ni mimi. Mama naye alijua, maana kisu chake kilianza kukata mihogo vipande vidogo visivyofaa kitu.

"Wifi," mama akasema, "mutoto haiko muzigo ya chumvi, ya kusema leo inavuka, kesho inarudi."

Shangazi akajibu bila kuinua macho, "We uko na batoto bakujaza mukeka. Mi niko na charahani tu."

Babu ndiye aliyekata shauri. Niende na mashua ya chumvi mwanzo wa kiangazi. Mashua ikirudi tena Ujiji wakati wa mvua za kwanza, nahodha ataniuliza mbele ya watu kama nabaki ao narudi, na neno nitakalotoa ndilo la mwisho, hakuna wa kulipinga, si mama, si shangazi. Baba alisema ni haki. Mama alikubali kwa kunyamaza, na siku ile sufuria zetu zilipiga kelele kuliko siku zote.

Asubuhi ya kuondoka mama aliniogesha mwenyewe, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa kama mpini wa jembe. Kisha alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kuelekea milima ya nyuma ya Baraka, ile inayopanda kwenda Fizi.

"Kule unaenda," alisema, "kila asubui utaangalia huku. Hii milima utaiona. Mi niko chini yake. Ukiiona, umeniona."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nafikiria mashua zaidi.

Nahodha wetu alikuwa Mzee Sefu, mtu mfupi wa sauti kubwa. Tulitweka tanga, tukakata ghuba, na kabla jua halijawa kali upepo ukatuacha karibu na kijiji kimoja cha Ubwari. Wapiga kasia wakashuka kupumzika. Mimi nilishuka na kanzu yangu ya Idi, kwa sababu tumefika. Nilisalimu kila mtu kwa adabu ya mgeni, mikono miwili, nikashangaa jinsi watu wa ng'ambo wanavyojua lugha yetu. Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, nikamwomba anionyeshe nyumba ya Shangazi Zuhura.

Alinitazama sana. "We haiko mutoto ya Mama Asha wa ku Baraka? Juzi tu nimeuzisha mama yako ndagala."

Nikaona mama yangu ana jina kubwa, mpaka inchi za nje wanamfahamu. Walipotuita kurudi mashuani nilikataa. Tumeshafika, tunarudi wapi? Nikalia, nikashika mti. Mzee Sefu alinichukua chini ya kwapa kama gunia. "Hapa tungali ku nyumba, we mutoto," alisema. "Ng'ambo ingali mbele." Wapiga kasia walicheka njia nzima, na tangu siku ile jina langu mashuani lilikuwa Mugeni wa Ubwari.

Tulipoipita ncha ya Ubwari, ziwa lenyewe likafunguka, maji yasiyo na upande wa pili. Wengine huogopa hapo. Mimi nilikasirika. Niliona wazee wazima wanaacha inchi inayoonekana, wanapiga makasia kwenda mahali pasipokuwepo.

Ujiji ilikuwepo. Askari wa ufukweni alinikunja mkono wa nguo kutazama kovu la chanjo, akaniachia, na Shangazi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yake na shati jipya mkononi, la rangi ya samli, mume wake amelishona. Alinivalisha pale pale mbele ya watu. Lilinifika magotini na mikono ikaning'inia kama ya sokwe. "Ni la kukulia," alisema, akaikunja mikono ile mara nyingi, taratibu, kama mtu asiye na haraka na miaka.

Sasa niseme ukweli, nilikula raha. Shangazi alikuwa akipika vitumbua vya kuuza sokoni, na harufu ya iliki ndiyo iliyoniamsha badala ya jogoo. Kitumbua cha kwanza kutoka kwenye chungu kilikuwa changu. Mume wake, mtu wa maneno machache, aliniacha nizungushe gurudumu la charahani kwa mkono. Jirani yetu alikuwa na mtoto wa umri wangu, Hamisi, ambaye alijua kila kitu na nusu yake ilikuwa kweli. Alinipeleka Kigoma nikaona gari la moshi, nikamuuliza likifika ziwani linapanda mashua gani. Alicheka, kisha nikamwona anafikiri. Watoto wa mtaa walinicheka nikisema batoto, batu, mukate, wakanirudishia watoto, watu, mkate, mpaka nikashika. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata hivyo, kwa kuchekwa, shule nimekaa kidogo tu.

Na siku moja mzungu alipita njiani. Kwetu, mzungu wa serikali akipita unasimama, unavua kofia. Nikasimama, nikavua kofia, peke yangu mtaa mzima. Mzungu yule naye akasimama, akavua yake, tukatazamana kama majogoo wawili wasiojua nani aanze. Mwisho alivaa, akaenda zake. Hamisi alinitaka nifanye hivyo kwa kila mzungu tutakayemwona.

Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa naenda mwisho wa mtaa, pale ardhi inaposhuka kwenda ziwani. Kule magharibi, juu ya maji, ilionekana milima ya Congo, ya buluu, imejipanga. Nilikuwa nasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimeamka." Kisha narudi kula. Shangazi aliniona mara nyingi. Hakuuliza.

Kiangazi kikakomaa. Nyote mnajua kiangazi cha ziwa letu, watu wanachoma nyasi kila upande, moshi na vumbi vinakaa juu ya maji siku nenda siku rudi. Lakini kwa mtoto wa Baraka moshi huo si kitu, kwa sababu Ubwari iko karibu, huioni vizuri ila unaiona. Ujiji ni mbali. Milima ilianza kufifia kama nguo iliyofuliwa sana. Halafu zikabaki ncha tu. Na asubuhi moja nilienda mwisho wa mtaa, nikatazama, hakuna kitu. Maji yalikwenda yakaishia kwenye weupe. Kesho yake hakuna. Siku zilizofuata hakuna.

Nilikuwa sijapata kusikia kwamba inchi inaweza kufa, lakini nilikuwa sijapata kusikia mambo mengi, pamoja na gari la moshi. Na mama alisema yuko chini yake.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumuuliza mkubwa yeyote. Kumuuliza nini? Kwetu mtoto haambiwi msiba. Bibi yangu alipokufa waliniambia ameenda Swima kwa dada yake, nikamngojea kutoka Swima mpaka nikachoka. Wakubwa wakitulia sana ndipo ujue kuna jambo. Na Ujiji nzima ilikuwa imetulia.

Basi nikafanya kinachofanywa. Nilimwendea kinyozi, nikamwomba aninyoe kichwa chote. Alipouliza kuna nini nikamwambia msiba, akaninyoa haraka. Shangazi alikuwa sokoni, mume wake amepeleka nguo kwa mteja. Nikatoa mkeka wa ndani, nikautandika nje ya mlango, nikakaa nimenyoosha miguu.

Hamisi akaja. "Nani kafa?"

"Kwetu."

"Nani wa kwenu?"

"Kwetu yote."

Alifikiri, akaenda kwao, akarudi na mkeka mwingine na karanga za kukaanga, kwa sababu, alisema, matanga bila chakula watu hawakai. Akakaa pembeni yangu. Mzee mmoja akapita, akaona kichwa kilichonyolewa na mikeka, akavua viatu, akasoma Fatiha, akakaa. Hakuuliza, maana mtu mwenye adabu hamwulizi mfiwa, atasikia mbele ya safari. Wanawake wawili waliomwona mzee wakafunga kanga kiunoni. Mmoja akaanza kulia, na akilia mmoja wengine hawawezi kunyamaza. Mtu akaleta kuni. Mtu akaweka chungu motoni. Mpaka alasiri nyumba yetu ilikuwa imejaa, wanaume upande huu, wanawake ule, na mimi katikati nikiona kwamba nilikuwa sahihi, maana watu wote hawa wasingekuja bure.

Ndipo Shangazi Zuhura akatokea na beseni lake kichwani. Aliona watu, aliona mikeka, akasikia kilio. Beseni likaanguka, vitumbua vilivyobaki vikabiringika mpaka kwenye miguu ya wazee. "Kaka yangu," alisema, na wanawake wakamdaka. Alilia vile ninavyokumbuka hata leo, akimwita baba yangu kwa jina la utoto wao. Walimpa maji. Alipoweza kusema aliuliza habari imeletwa na nani. Kila mmoja akamtazama jirani yake, jirani akamtazama mwingine, macho yakazunguka uwanja wote yakaishia kwangu.

Nikasimama. Shati lilinifika magotini. Nikasema, "Shangazi, kwetu kumekufa. Milima haiko. Mama alikuwa chini yake. Mi nitabaki hapa kwako."

Kisha yule mzee wa Fatiha akatoa sauti puani, na baada ya hapo sijui nani alianza, lakini uwanja mzima ulicheka mpaka watu wakashikana mabega. Wanawake waliokuwa wakilia walitumia kanga zile zile kufuta machozi ya kicheko. Chakula kilikuwa kimeiva, kikaliwa. Nasikia Ujiji walikuja kusema kwa muda mrefu juu ya matanga ya Congo, kwamba wali wake ulikuwa mzuri.

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa amesikia kwangu neno alilolingoja tangu aolewe. Alinivuta, akakaa nami chini, akaniambia, "Milima ipo, mwanangu. Moshi tu umeifunika. Mama yako mzima, hajambo."

Na hivyo ndivyo hasa wanavyosema mtu akifa. Nilimtazama kwa huruma. Nikamwambia asante, nikaendelea kukaa mkekani.

Baada ya hapo niliacha kwenda mwisho wa mtaa, na nikaanza kumwita Mama, kwa kuwa mtoto lazima awe na wa kumwita. Nilipomwita mara ya kwanza alikuwa akikoroga unga, mwiko ukasimama. Siku moja nikizungusha gurudumu la charahani nilimsikia mume wake akimwambia, si hicho ulichotaka? Akamjibu, "Nilitaka mtoto aje kwangu. Sikutaka aje kwa kukosa pengine pa kwenda."

Sasa fikirieni hali yake. Hakuhitaji kufanya kitu. Mashua ya chumvi ilikuwa njiani. Ikifika kabla moshi haujaondoka, Mzee Sefu ataniuliza, nitajibu nabaki, na babu alishasema neno langu ni la mwisho. Niliona mume wake ameanza kukata kitambaa cha shati jingine, kubwa kuliko lile. Yeye Shangazi akaanza kwenda mwisho wa mtaa kila asubuhi, peke yake, mikono kiunoni, akitazama weupe ule. Nilidhani anamlilia mama yangu. Nikampenda zaidi.

Mvua ilikuja mchana mmoja, nzito, ikapiga paa mpaka hatukusikiana. Asubuhi yake sikuamshwa na iliki. Niliamshwa na mkono. Shangazi alinivuta nje bila viatu, karibu tunakimbia, tukapita kwa Hamisi, tukapita kwa kinyozi. Hewa ilikuwa imeoshwa. Mwisho wa mtaa alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama mama alivyonishika Baraka, na hakuna aliyemwambia kwamba mama alinishika hivyo. Akakigeuza.

Ilikuwepo yote. Ilikuwa karibu kuliko nilivyoiacha, mikunjo ya mabonde unaihesabu, na juu yake wingu dogo jeupe.

"Umeona?" alisema.

Nikasema, lakini si kwake, "Mama, nimeamka."

Mikono yake ilikaa kichwani mwangu kidogo, nywele zilikuwa zimeanza kuota. Kisha akaitoa.

Mashua ilikuwa imeshafika wakati tunarudi kunywa chai. Siku ile, wanapakia chumvi, Shangazi alinivua shati akampa mume wake. Mume akalikata pindo, akakata mikono, akapiga charahani, akanirudishia. Kwa mara ya kwanza lilinitosha sawasawa. Na baadaye, Idi alizokuja kututembelea Baraka, aliniletea shati, na hakuniletea tena la kukulia.

Watu walijaa ufukweni, wengi wao wale wale wa matanga. Mzee Sefu alijisafisha koo akatumia ile sauti yake. "Haya, Mugeni wa Ubwari. Batu bote banasikia. Unabaki ao unarudi?"

Nilikuwa na jibu. Lakini nilimtazama Shangazi, naye alikuwa ameshughulika sana kutazama kamba ya mashua, nikaona neno lile ni dogo na uso wake ni mkubwa. Nikamtazama Hamisi, akaangalia chini. Nikakaza kofia yangu, nikaachia mkono wa Shangazi, nikatembea. Mchanga ulikuwa na joto, halafu maji, halafu maji ya magotini, halafu magunia ya chumvi, nikapanda juu yake nikakaa nimeangalia milima. Nyuma nilimsikia Mzee Sefu akisema, "Mama, amejibu," na Shangazi akisema, "Nimemsikia." Sikugeuka. Ujiji sijarudi mpaka leo.